Skini yangu ya basi la Arua wameicheka kwenye grupu, niache ama niendelee?

Kaka, habari za kazi, natumaini uko salama. Mimi ni msichana wa miaka 21, niko hapa Arua, Uganda, nakaa kwenye kibanda cha mobaili mani karibu na paki ya mabasi, kwa hiyo kutoka asubuhi mpaka usiku mimi ni mabasi tu naona, yale yanayoingia kutoka Kampala na vumbi lote na yale yanayopakia jioni ili yatembee usiku. Kama hakuna mteja nacheza ile gemu ya kuendesha mabasi, Bus Simulator Indonesia, kwa simu, BUSSID, najua wasomaji wako wengi wanaijua. Sasa ukiingia YouTube unakuta Wakenya wameweka matatu zao mle ndani, Watanzania wameweka mabasi yao na majina na rangi kila kitu, ya kwetu ya huku West Nile mimi sijaona hata moja, nikasema kwani nani atatuwekea, wacha nijaribu mwenyewe.

Nikadanlodi modi moja ya basi, yaani basi ambalo mtu amelitengeneza la kuongeza kwenye gemu, na templeti yake, ile picha tupu ya kuchorea skini, rangi na maandishi ya basi, nikachora kwa PixelLab, programu ya kuchora na kuandika, kwenye simu ya binamu yangu maana yake iko na skrini kubwa, nikaweka nyeupe na kijani na mstari wa njano, ubavuni nikaandika ARUA kubwa kabisa. Akanitumia kwa WhatsApp, nikaiingiza kwa gemu. Kaka, ilikubali! Nilipiga kelele mpaka jirani anayeuza chapati akauliza kuna nini. Lakini nilipozungusha kamera nikaona mambo si mazuri, upande mmoja ARUA imekaa sawa, upande wa pili inasomeka AURA na hiyo R imeangalia nyuma, maandishi yote yana ukungu, na sehemu zingine zilizotakiwa kuwa wazi zimejaa weupe.

Hata hivyo nilikuwa nimefurahi, nikaposti skrinshoti kwenye grupu moja ya watu wa gemu. Banange. Mmoja akasema hii imechorwa na mtoto wa nasari, mwingine akasema wasichana warudi kucheza gemu za pipi, wakaanza kutuma stika za kucheka mpaka usiku, nikaifuta. Kaka yangu mkubwa naye aliona, akasema unamaliza bando na macho kwa vitu vya watoto, wenzako wanatafuta maisha.

Tangu hiyo siku sijafungua tena. Lakini kichwani bado inanizunguka, nataka siku moja nitengeneze safari nzima ya Arua mpaka Kampala, daraja la Pakwach, nyani wa Karuma wamekaa kando ya barabara, paki, kila kitu. Naomba unijibu bila kunionea huruma. Labda sina kipaji? Lazima ninunue laptopu kwanza? Na nikiendelea, hizi vitu mtu anaweza kuuza ama ni za bure tu?

Ni mimi, Msichana wa Paki, Arua

JIBU

Mdogo wangu, asante kwa kuandika, na pole kwa yale maneno. Nimesoma barua yako nikitafuta mahali panapoonyesha kwamba huiwezi hii kazi, sijapaona. Nilichoona ni mtu aliyepata templeti, akaichora, akaitoa kama faili, akaiingiza kwenye gemu na basi likatokea lina jina la mji wake. Hapo kwenye kuingiza ndipo wengi wanaoanza huishia kabisa, faili haikubali, folda haijulikani iko wapi, mtu anakasirika anafuta gemu yote. Wewe ulishapita hapo bila mtu kukushika mkono, alafu unaniuliza kama una kipaji. Mimi hilo neno kipaji wala silitumii kwa mtu ambaye ametengeneza skini moja tu, halina kazi yoyote hapo. Kazi ni kujua kasoro imetoka wapi, na kasoro zako zote zina sababu na zote zinatibika, ngoja nikuonyeshe.

Tuanze na hiyo ARUA maana ndiyo walicheka sana nadhani, na ndiyo ambayo haikuwa kosa lako hata kidogo. Skini ni picha bapa, na gemu inaichukua hiyo picha na kuifunga kuzunguka bodi ya basi, lakini nani anaamua kipande gani cha picha kikae upande gani? Ni yule aliyetengeneza modi, siku alipolijenga basi lenyewe. Sasa wengi ili kuokoa nafasi kwenye picha wanatumia kipande kimoja cha ubavu kwa pande zote mbili, huku kinakaa sawa, kule kinageuzwa kinyume. A na U zikigeuzwa hazibadiliki, R ndiyo inajulikana, ndiyo sababu ukapata AURA yenye R ya kuangalia nyuma. Ungekuwa wa mji wa Moyo ungeandika MOYO upande wa pili ukaona OYOM na kila herufi imesimama vizuri, ungekaa siku nzima ukifikiri umekosea spelingi! Kwa hiyo hata ungechora vizuri namna gani kwenye hiyo templeti, neno la ubavuni lingegeuka tu. Tafuta modi ambayo templeti yake inaonyesha ubavu wa kulia na wa kushoto kila mmoja mahali pake, ukiifungua utaviona wazi viko viwili. Ama kama hiyo modi unaipenda sana, maneno yaweke mbele na nyuma tu na ubavuni uweke vitu ambavyo kugeuka hakuviharibu, mistari, maua, ama yule ndege wetu wa kwenye bendera, huyo akichorwa anaangalia mbele ya basi upande huu, na upande ule ataangalia mbele vilevile, inakaa vizuri kabisa.

Na kabla hujachora kitu chochote cha maana kwenye templeti mpya, fanya hivi, hii ndiyo ningependa uishike kuliko zote nitakazosema. Chukua templeti tupu, ijaze viboksi vyenye namba, 1, 2, 3 na kuendelea, kila boksi rangi yake, mbaya tu usihangaike na uzuri, ingiza kwa gemu alafu zungusha kamera polepole. Utaona 14 imekaa juu ya tairi la nyuma, 22 imelala paani ambako hakuna mtu atakayeiona, 9 iko pande zote mbili na upande mmoja imegeuka, 30 imenyooshwa mpaka haisomeki. Piga skrinshoti kila upande, weka. Hiyo sasa ni ramani yako ya hilo basi, hutabahatisha tena, na watu waliofanya skini muda mrefu bila hiyo ramani bado wanakisia, utawaona wanarudia kuingiza faili mara nyingi kwa sababu nembo imeingia kwenye mlango.

Ukungu na ule weupe, hapo mshukiwa wangu ni WhatsApp. Picha ukiituma kama picha, WhatsApp inaibana ili iwe nyepesi na inaigeuza kuwa JPG, na JPG haina uwezo wa kuweka sehemu iliyo wazi, kwa hiyo pale palipokuwa wazi panajazwa rangi, mara nyingi nyeupe. Yaani kazi yako ilitoka nzima kwa binamu ikafika kwako imeumizwa. Mwambie atume kwa njia ya dokumenti, pale kwenye alama ya kubandika faili kuna chaguo la dokumenti, hapo inafika kama ilivyo. Na kwenye PixelLab wakati wa kuseivu chagua PNG, aina ya faili ambayo inaweka sehemu iliyo wazi, ukubwa uwe ule ule wa templeti, kama ilikuja 2048 kwa 2048 itoke 2048 kwa 2048, usipunguze na pia usiongeze ukidhani itang'aa zaidi. Picha ya 2048 ina pikseli, yaani vinukta vya rangi, zaidi ya milioni 4 na kila pikseli ikishafunguliwa kwenye memori inachukua baiti 4 kama haijabanwa, hiyo ni karibu MB 16 kwa skini moja hata kama faili lenyewe kwenye simu linaonekana dogo. Ukienda 4096 inakuwa mara nne yake, na kwa simu za kwetu hizi gemu itaanza kukwama kwenye kona. Maandishi nayo yasiwe membamba, kamera ya gemu inakaa mbali na basi, fonti nene zenye nafasi kati ya herufi ndizo zinasomeka.

Alafu uwe na tabia moja, badilisha kitu kimoja, ingiza, angalia, ndiyo uende kingine. Ukibadilisha rangi na fonti na saizi na modi kwa pamoja alafu ikaharibika hutajua nani kaharibu. Na kila ikifika mahali pazuri seivu kopi yake kwa jina lingine, basi_01, basi_02, usije ukaandika juu ya ile iliyokuwa inafanya kazi. Umeme ukikatika ama simu ikizima katikati una pa kurudi.

Laptopu. Hapana, si sasa. Skini unaweza kufanya kwa simu mpaka ufike mbali sana, na hata hiyo ya binamu si lazima, simu ndogo unazuum tu. Laptopu itakuja siku ukitaka kujenga bodi lenyewe la basi, hapo ndipo watu wanatumia Blender, programu ya kujenga maumbo, ambayo ni bure kabisa, na ukishaidanlodi mara moja inafanya kazi bila intaneti, hilo ni muhimu kwetu ambao bei ya data juu yake tunalipa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Na siku hiyo ikifika usikimbilie kununua mashine ya bei kubwa. Kompyuta kuukuu ambazo haziwezi Blender za kuanzia toleo la 2.80 la mwaka 2019 nyingi zinafungua 2.79 bila shida, maana toleo la 2.80 lilianza kudai kadi ya picha mpya kidogo, yenye mfumo wa kuchora wa OpenGL 3.3, na zile za kabla hazikudai hivyo. Kwa kujifunza 2.79 inakufundisha vizuri tu, japo vitufe vyake vingi viko tofauti na video za siku hizi, kwa hiyo tafuta video za wakati ule.

Na kwa kuwa uko kaskazini nikutajie mtu mmoja, Lual Mayen. Ni Msudani Kusini, familia yake ilikimbia vita na yeye akakulia kwenye kambi ya wakimbizi hapa hapa kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake anataka kompyuta, yule mama aliweka akiba miaka 3 mpaka zikafika dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme, kijana alikuwa anatembea masaa 3 kwenda kuichaji. Kwenye hiyo mashine alikuta gemu, akashangaa kwamba hivi vitu vinatengenezwa na watu, alikuwa hajui, akaanza kujifunza. Gemu yake inaitwa Salaam, mchezaji ni mkimbizi anayekimbia akitafuta maji na chakula, na mwaka 2018 kwenye tuzo za gemu za The Game Awards kule Marekani walimtambua mbele ya dunia nzima. Sikutajii huyu ili ujilinganishe naye, nakutajia kwa sababu watu wanapenda kusema haya mambo ni ya watoto wa Ulaya, na huyu alijifunzia kwenye vumbi lile lile unaloliona kwenye mabasi.

Hiyo safari nzima ya Arua mpaka Kampala naipenda mno, Pakwach na nyani wa Karuma, nimeiona kabisa nikisoma. Iandike kwenye daftari na usiiguse mwaka huu. Barabara na daraja na wanyama ni kazi nyingine kabisa, ni kujenga maumbo, ni kupanga mamia ya vitu vidogo, na anayeanza akianzia huko anaishia kuwa na vitu ishirini ambavyo hakuna hata kimoja kilichoisha. Wewe maliza basi moja. Moja, liishe, hadi namba ya gari na stika ya kioo cha nyuma. Ile gemu ya mapigano, Counter-Strike, unaisikia? Ilianza mwaka 1999 kama modi ya gemu nyingine, Half-Life, Minh Le alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Kanada akishirikiana na Jess Cliffe, na beta ya kwanza, yaani toleo la majaribio, ilikuwa na kuokoa mateka tu, ile ya kutega na kutegua bomu ambayo ndiyo dunia yote inaijua haikuwemo, iliingia kwenye beta ya 4. Walitoa kidogo kilichokuwa kinafanya kazi, watu wakacheza, wakaongeza. Valve, kampuni yenye Half-Life, wakaichukua, mwaka 2000 ikatoka kama gemu kamili.

Kuhusu lile grupu, toka. Nasema hivi kwa moyo wote, usikae mahali watu wanatuma stika za kucheka mpaka usiku juu ya kazi ya mtu aliyeanza, hata kama wao ni mafundi, na mara nyingi wale wanaocheka zaidi hawajawahi kuingiza hata faili moja yao. Na hiyo ya kukuambia uende kwa gemu za pipi kwa sababu ni msichana, hiyo imeniuma, wewe umeona pengo ambalo wao wote hawakuliona na ukaamka kulijaza. Tafuta grupu ambalo watu wanapeana templeti na kujibizana, yapo Telegram na Discord, hata WhatsApp yapo mazuri. Ukiuliza swali uliza vizuri ili usaidike haraka, usiandike tu "haikubali nisaidieni", andika simu yako ni gani, toleo la gemu, modi gani, ulifanya nini na ukaona nini, weka skrinshoti ya pande zote mbili. Mtu anayejua akiona ARUA na AURA pamoja atakujibu kwa mstari mmoja. Video nyingi utakuta ni za Kiindonesia kwa sababu gemu yenyewe imetoka kwao, kwa kampuni ya Maleo, usiziruke, zima sauti uangalie kidole chake kinabonyeza wapi, simamisha, rudisha nyuma, utaelewa.

Kaka yako nisingemwita adui. Anakuona una miaka 21 na bando linakwisha, ana wasiwasi, na hajui kwamba kupanga leya, yaani tabaka za picha, kuchagua fonti, kujua saizi na kutoa faili bila kuiharibu ndiyo kazi ile ile ya anayetengeneza mabango ya harusi na stika za bodaboda, na hao wanalipwa hapo hapo mjini. Usibishane naye. Jiwekee muda, labda ile saa ya mchana ambayo wateja wanapungua, na bando lako ulitenge, kisha skini ikishatengemaa mpe simu aendeshe mwenyewe hilo basi.

Sasa kuuza. Watu wanauza modi, ndiyo, ila kuna mambo mawili ningetaka uyajue mapema. Nembo na jina la kampuni ya basi ya kweli si vyako, ukichora kwa kujifurahisha na marafiki watu wengi hawajali, ukianza kuchukua hela ni jambo lingine, kwa hiyo buni kampuni yako mwenyewe, jina lako, rangi zako, hiyo nyeupe na kijani na njano uliyoisema mimi naona inapendeza. Na bodi la basi limejengwa na mtu, wewe umelivisha nguo tu, kwa hiyo huwezi kuliuza pamoja na skini yako bila ruhusa yake, na usiliposti upya kwenye chaneli yako hata kama ni bure kabla hujamuuliza. Kawaida jina lake liko kwenye maelezo ya video uliyodanlodia. Mwandikie kifupi, mwambie wewe ni nani, taja modi yake, mwekee skrinshoti ya basi lako, sema unataka kutoa skini bure kwa watu wa Uganda, kama Kiingereza kinamsumbua tumia programu ya kutafsiri umwandikie Kiindonesia. Akikubali, jina lake litangulie lako kwenye maelezo, na linki iende kwenye video yake ili danlodi zihesabiwe kwake. Kwa miezi ya kwanza toa bure, ukifikisha skini tatu au nne ambazo watu wanaziomba wenyewe ndiyo tuongee bei.